Nyota Haipo Pale Tunapoiona



Sisi wa Kasekese hatuna bahari. Tuna Ziwa Tanganyika, huko magharibi kwetu. Hata hivyo, juma hili tunapenda kujifunza kwa mabaharia.

Tangu kale manahodha wa majahazi ya pwani walishika njia kwa nyota. Lakini anayeipima nyota ili ajue mahali alipo hana budi kukumbuka jambo moja: nyota haipo hasa pale inapoonekana. Mwanga wake hupinda unapopita katika hewa inayoizunguka dunia, nayo nyota huonekana imeinuka kuliko ilivyo. Ikiwa utosini, kosa halipo. Ikiwa chini kwenye upeo wa macho, ambako mwanga hupita katika hewa nyingi, kosa huzidi nusu digrii, na nahodha aweza kujidhania yuko kilometa 60 hivi mbali na alipo. Hata jua la machweo, tunapoliona limegusa tu upeo wa bahari, kwa kweli limekwisha kuzama. Baharia mwenye busara hazilaumu nyota. Hutazama jedwali lake na kupunguza kipimo. Kwa kosa hili hupunguza daima, haongezi kamwe.

Ndugu zetu, maneno ya watu nayo hupita katika hewa nzito. Yakitoka kilabuni hadi kisimani, hupinda na kukua. Katika mikoa yetu ya magharibi ya Tanzania, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi ulikuwa macho yao mekundu! Jua la machweo nalo ni jekundu, wala hakuna aliitaye mchawi. Ni hewa tu. Na macho ya bibi ni mekundu kwa moshi wa kuni alizotupikia miaka yote. Waliomshtaki hawakukosa macho. Walikosa kusahihisha walichokiona.

Mamajusi waliifuata nyota, lakini walipofika Yerusalemu hawakuona aibu kuuliza. Ni Maandiko yaliyowaelekeza Bethlehemu.

Nasi tufanye hivyo. Jina la mtu likitajwa kwa ubaya katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, tuulize: Nani aliona? Wewe ulisikia kwa nani? Tulipime neno hilo kwa Amri ya Nane, tulipunguze, wala tusilipeleke kwa mpiga ramli. Mkristo anayesikia uvumi wa namna hiyo akanyamaza, asijihesabu kuwa hana hatia. Damu ikimwagika, ukimya wake umesaidia.

Juma hili, kila Jumuiya imtembelee bibi mmoja anayeishi peke yake. Tukae naye jikoni, ndani ya moshi ule ule, mpaka macho yetu nayo yawe mekundu.

Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Dominika njema!