Umeme nafuu wa usiku usiishie Nairobi, Ndanai pia wanauhitaji

Jua linapotua Ndanai, katika eneobunge la Sotik, pikipiki zilizoshinda zikibeba maziwa, mbolea na abiria huegeshwa hadi alfajiri. Usiku huo huo, mahitaji ya umeme nchini hushuka, na kwa miaka mingi sehemu ya mvuke wa Olkaria imekuwa ikiachwa ipotee hewani kwa kukosa wateja.

Pikipiki iliyolala na umeme usio na mnunuzi bado havijakutanishwa. Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wa vyombo vya usafiri vinavyotumia umeme.

Hakuna tashwishi kwamba Kenya imejaliwa. Takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Hata mto Kipsonoi unaopita Sotik huungana na Yurith kuwa mto Sondu, ambao huendesha mitambo ya megawati 60 ya Sondu Miriu. Petroli, kwa upande mwingine, huletwa yote kwa meli na kugharimu taifa fedha za kigeni.

Serikali nayo haijalala. Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ilitenga bei maalumu ya kuchaji vyombo hivyo: Sh16 kwa kipimo kimoja, na Sh8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo nyinginezo. Sheria ya Fedha ya 2023 ikapunguza VAT ya pikipiki za umeme hadi sufuri. Septemba mwaka huo, Rais William Ruto akazindua rasmi mpango huo jijini Mombasa.

Hata hivyo, bei hiyo ni ya mteja aliyesajiliwa kwa kazi ya kuchaji. Mhudumu wa bodaboda anayechomeka waya nyumbani hutozwa bei ya nyumbani, ambayo haishuki usiku. Vituo vya kubadilisha betri navyo aghalabu viko Nairobi na miji mingine mikubwa. Kwa mwendeshaji wa Ndanai, Sh8 hizo ni habari za redioni tu.

Tusisahau jinsi bodaboda zilivyofika vijijini. Kuondolewa kwa VAT ya pikipiki ndogo mwishoni mwa muongo wa 2000 kulizifanya zinunulike. Lakini zilidumu kwa sababu petroli ilipatikana hata dukani, ndani ya chupa. Umeme hautaishinda chupa hiyo hadi nao uwe karibu vivyo hivyo.

Wapo watakaouliza: umeme wa mashambani unaopotea kila mvua inaponyesha utategemewaje? Hoja hiyo ina uzito. Kisiwa cha Unguja, kilichotegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari, kilikaa gizani takriban miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kijiji kilicho mwisho wa laini ya umeme ni kisiwa pia, ingawa kimezungukwa na majani chai badala ya maji.

Dawa ni kutotegemea waya mmoja. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yamejizalishia umeme wa maji tangu enzi za ukoloni, na KTDA imejenga mtambo kwenye mto Gura, Nyeri. Isitoshe, kituo cha betri ni ghala: betri zilizojazwa usiku wenye umeme huhudumia siku inayofuata, hata laini ikikatika.

Kwa hivyo, vituo vya mashambani vianzie penye nyaya imara na watu wengi: viwanda vya chai na vyama vya ushirika vya maziwa. Vyama vya bodaboda navyo visajiliwe kuwa wateja wa bei hiyo ya Sh8. Kaunti za Bomet na Kericho zinaweza kutoa ardhi, nayo Kenya Power ilete mita.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Serikali inayotaka kupunguza gharama ya petroli haina budi kuinama hadi kijijini, ambako pikipiki ndiyo matatu, ndiyo lori na ndiyo ambulensi.