Usilaumu simu, laumu holda

Mnikasirikie tu, lakini nitasema. Msee ananunua simu ya elfu 40 halafu anaifunga kwa nduthi na holda ya soo tatu. Baada ya muda kamera inatetemeka, picha zote ukungu, na yeye yuko mtandaoni akitukana kampuni ya simu.

Buda, simu haikukukosea. Simu nyingi za siku hizi zina lenzi inayosogea kidogo ndani ili kutuliza picha mkono wako ukitetemeka. Sasa wewe unaipigia mtetemo wa injini kutoka asubuhi hadi usiku. Apple wenyewe walionya 2021: mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa, ukipitia usukani, unaweza kuharibu kamera ya iPhone. Hata kwa zile ndogo, kama skuta, walishauri holda yenye kituliza mtetemo.

"Lakini holda poa ni bei." Sawa. Na kamera mpya ni bei gani? Kama unabeba watu ama unapeleka mizigo, hiyo simu ndiyo ofisi yako.

Kabla ulipe, tikisa holda hapo hapo dukani. Ikicheza mkononi, kwa mashimo itacheza zaidi. Uliza kama ina mpira wa kumeza mtetemo. Skrubu ziwe chuma, si plastiki.

Huna doo bado? Weka simu mfukoni. Ukipotea, simama kando, angalia ramani, endelea. Hiyo ni bure.