Tovuti Zisiwe Visiwa Bila Kivuko

Tangu mwaka 2017 mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zina tovuti zake, na Mikoa ya Shinyanga na Geita haikuachwa nyuma. Kazi iliyofanyika ni kubwa na inastahili sifa. Hata hivyo, kuwa na tovuti ni jambo moja, na mwananchi kuziona kurasa zake anapozitafuta ni jambo jingine. Kurasa nyingi zimeandikwa, zimepachikwa na kutolewa taarifa vikaoni, lakini ukiyauliza mambo yaliyomo katika mitambo ya utafutaji kama Google au Bing, hazitokei kabisa.

Wanaoumia kwa hali hiyo si wale wanaokaa karibu na ofisi za Serikali. Mtu wa mjini Kahama asipoona tangazo katika simu yake hutembea hadi ofisini akauliza. Ndugu zetu wa Ukerewe, Kome na Maisome hawana nafasi hiyo. Mfanyabiashara wa dagaa anayetaka kujua ushuru wa soko upande wa Geita, au kijana anayetaka kujua masharti ya leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo kisheria ni haki ya Mtanzania, hulazimika kulipa nauli ya chombo, kulala ugenini, na pengine kuambiwa kwamba habari hiyo ilikwisha kutangazwa katika tovuti. Tena ukurasa wa Serikali usipoonekana, nafasi yake haibaki wazi. Hukaliwa na madalali na matapeli, ambao katika nchi ya dhahabu hawana uhaba.

Ni vizuri tueleze jinsi mitambo hiyo inavyofanya kazi, maana baadhi ya viongozi wetu hudhani kwamba kila kilichopachikwa huonekana papo hapo. Mtambo wa utafutaji hutuma programu ambayo huanzia katika kurasa inazozijua, ikafuata kiungo kimoja hadi kingine, ikasoma inachokikuta, na kinachofaa kikaingizwa katika faharasa. Mwananchi anapouliza, jibu hutoka katika faharasa hiyo. Ukurasa usio na kiungo kinachoelekea kwake ni sawa na kisiwa kisicho na kivuko: watu wapo na mali ipo, lakini wa nchi kavu hana habari nacho. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, na wasafiri wa Mwanza na Geita wakaondokewa na adha ya kusubiri kivuko. Daraja la viungo halihitaji saruji wala nondo, ila mtu wa kulijenga.

Kosa la kwanza, basi, ni hilo la viungo. Tangazo huwekwa katika ukurasa wa mbele kwa wiki mbili, likaja jipya likalisukuma, na la zamani likabaki yatima ndani ya seva. Dawa yake ni kuwa na ukurasa wa kudumu kwa kila jambo kubwa, yaani madini, ardhi, zabuni na mikopo, na kila tangazo lifungwe hapo kwa kiungo. Ipo pia ramani ya tovuti, faili linaloorodhesha anwani zote za kurasa. Utaratibu huo ulianza mwaka 2005, nao ni bure. Halmashauri inaweza kuiwasilisha ramani hiyo kwa Google, na kwa chombo cha bure cha Google cha kukagulia tovuti ikaonyeshwa ni kurasa zipi zimeingia, zipi zimeachwa, na kwa sababu gani.

Kosa la pili ndilo linalotuudhi zaidi. Barua huandikwa kwa kompyuta, ikachapwa, ikatiwa saini na kugongwa mhuri, kisha ikapigwa picha na picha hiyo ndiyo ikawekwa katika tovuti, mara nyingine imelala ubavu. Mapenzi yetu kwa mhuri tunayafahamu. Lakini picha ya maneno si maneno, na mtambo huisoma kwa shida au hauisomi kabisa. Wekeni mhuri wenu, hatukatai. Ila maandishi yenyewe yaandikwe pia katika ukurasa. Na yawe na kichwa chenye maana. Tumeona kurasa nyingi zikiitwa TANGAZO, na zaidi ya hapo hapana neno. Mama wa Nyarugusu anayetafuta utaratibu wa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, huandika katika simu maneno ya kawaida: mkopo, kikundi, Geita. Maneno hayo ndiyo yanayotakiwa kuwa katika kichwa cha habari, tena kwa Kiswahili.

Yapo pia makosa ya mafundi. Tovuti inapojengwa, fundi huizuia mitambo kwa faili liitwalo robots.txt, au kwa alama ya noindex, ili kazi isionekane kabla haijakamilika. Tovuti huzinduliwa kwa ngoma, na zuio likasahauliwa. Vilevile halmashauri inapopanda hadhi, kama Kahama ilivyokuwa Manispaa mwaka 2021, jina hubadilika na anwani ya tovuti huweza kubadilika nalo. Anwani ya zamani isipoelekezwa kwenye mpya, kurasa zote zilizokwisha kujulikana hupotea kwa siku moja.

Tunaposema haya hatuna maana kwamba kila karatasi iingizwe. Orodha zenye majina na namba za simu za wananchi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nazo hazifai kuanikwa hata kidogo. Wala wingi wa kurasa si ushindi. Mtambo hauahidi kuingiza chochote, na ukurasa mtupu wenye picha ya mgeni rasmi na mistari miwili huachwa, kwa haki. Anayekuja ofisini na kuahidi kwamba kwa malipo yake kurasa zote zitaingia kwa juma moja asipewe fedha ya umma.

Kinachotakiwa kuonekana tunakijua. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, wenye migodi wanapaswa kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa wajibu wao kwa jamii, na halmashauri inapaswa kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 nayo ipo. Mwananchi wa Msalala, unapochimbwa mgodi wa Bulyanhulu, au wa Geita mjini, anayo haki ya kujua ni darasa gani, kisima gani na zahanati gani vimekubaliwa mwaka huu. Mpango huo ukiwa ndani ya tovuti bila kuonekana, tofauti yake na mpango uliofungiwa kabatini ni ndogo mno.

Kwa hiyo tunawaomba Wakurugenzi wa Halmashauri wa Shinyanga na Geita wawakutanishe Afisa Habari na Afisa TEHAMA katika meza moja, kwani mara nyingi mmoja huandika na mwingine hupachika bila kuulizana. Waandike katika Google neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yao bila kuacha nafasi. Watapata makadirio ya kurasa zinazojulikana. Kisha waandike maswali kumi ambayo wananchi huwauliza kila siku mapokezini, na waone mangapi yanajibiwa na ukurasa wao wenyewe. Matokeo hayo yapelekwe mbele ya madiwani katika kikao cha robo ya mwaka.