JENERETA ISIUNGWE KWA PLAGI



Katika mwaka wa 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima zaidi ya mara moja. Hatushangai basi kuona jenereta ndogo madukani na katika nyumba za kupanga. Kununua jenereta si kosa. Tunalolalamikia ni namna inavyoungwa na waya za nyumba.

Katika nyumba moja ya wafanyakazi tuliona jambo hili kwa macho yetu. Tawi la mti lilikuwa limeangukia waya za barabarani na stima ikakatika. Mwenye nyumba alimwamuru mwangalizi awashe jenereta. Mwangalizi akatwaa waya wenye plagi mbili, moja kila upande. Moja akaitia katika jenereta, ya pili katika soketi ya ukutani. Taa zikawaka, watoto wakashangilia.

Wakati huo huo fundi wa laini alikuwa nje akifunga mshipi wa kupandia nguzo. Kwa bahati alikuwa mtu wa kufuata kanuni, akapima waya kabla ya kuushika. Akakuta una moto. Alikuja mlangoni, hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Ni nani hapa aliyetaka kuniua?" Hakuna aliyemjibu.

Yafaa tufahamu kwa nini aliuliza hivyo. Stima inayotiwa katika soketi haikai nyumbani. Hupita katika mita, ikatoka mpaka nguzoni, ikafika kwenye transfoma. Transfoma iliyowekwa ishushe volti 11,000 zifae nyumbani hufanya kazi pande zote mbili: ukiisukumia volti 240 kutoka nyumbani, huzipandisha tena ziwe maelfu. Fundi anadhani waya umekufa, kumbe jenereta ya mtu imeufufua. Tena yule anayeshika plagi ya pili yuko hatarini mwenyewe, maana ikichomoka, meno yake yana moto. Na stima ya laini ikirudi ghafula, inakutana na ya jenereta, mtambo unaungua.

Wengine husema, "Mimi huzima meni swichi kwanza." Twawauliza, je, usiku, mvua inanyesha, na aliyetumwa ni kijana asiyeonyeshwa swichi hiyo, atakumbuka? Kazini kwetu Reli, treni mbili haziruhusiwi kuingia sehemu moja ya njia kutoka pande mbili, eti dereva mmoja atakumbuka kusimama. Kanuni na mitambo imewekwa kwa sababu mwanadamu husahau.

Dawa iko, nayo ni swichi ya chenjiova. Swichi hii ina nafasi tatu: stima ya laini, kuzima, na jenereta. Haiwezi kushika laini na jenereta pamoja, hata aliyeishika akisahau. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, naye ahakikishe pia waya wa ardhi uko sawa. Jenereta yenyewe ikae nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Mabwana wenye nyumba na wakubwa wa kazi watasema swichi ni ghali. Sisi twasema aliyepata fedha za jenereta asikose za swichi. Gharama hiyo si ya mpangaji wala ya mwangalizi. Tena mfanyakazi asiamriwe kuchomeka waya wa plagi mbili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake aonapo hatari kubwa, na haimruhusu mwenye kazi kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Basi akikataa, asiitwe mkaidi.

Yule aliye juu ya nguzo ni mfanyakazi kama sisi, ana mke na watoto wanaomngoja. Mwanachama anayejua nyumba au karakana yenye waya wa namna hii amweleze katibu wa tawi lake. Na kama waya huo uko nyumbani kwako, ndugu, ukate leo.