MWALIMU WA MAZINGIRA NAYE ANA DARSA



Ndugu yangu Muislamu, leo naanza kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa nyuma mwalimu mmoja alikuja msikitini, akaniomba dakika kumi baada ya Swala ya Ijumaa azungumze na waumini juu ya mikoko na taka za plastiki. Nikamjibu: "Mwalimu, hapa ni mahali pa dini. Hayo yapeleke shule." Akasema, "Sawa sheikh," akaondoka.

Jibu lile linanichoma mpaka leo. Surat Ar-Rum, aya ya 41, inatuonya kuwa bara na bahari vimeharibika kwa matendo yetu wenyewe. Mwalimu yule alikuja kutuonesha aya hiyo kwa mifano ya ufukwe wetu, nami nikamfungia mlango!

Tunasahau nini? Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja ya maji, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa. Sisi tunafungua bomba, huku tunapiga soga. Alitufundisha kuwa anayepanda mti, kila atakachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake. Basi anayemfundisha mtoto kupanda mti, utasemaje kuwa kazi yake si ya dini?

Tazama kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Wazee husimulia kuwa jina lake limetokana na msala, mkeka wa kuswalia. Mwaka 1998 kilitangazwa kuwa hifadhi, huku baadhi ya wavuvi wakivua kwa baruti na matumbawe yakivunjika. Sheria peke yake haikutosha. Ndipo wakaja watu wa elimu, miongoni mwao taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza iliyoanzishwa na Fazlun Khalid. Walikaa na maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi, wakazungumza kwa lugha ya Qur'ani: ukhalifa, amana, mizani. Wapo wavuvi walioelewa, wakabadilika. Boti ya doria unaweza kuikwepa usiku. Mola wako utamkwepa wapi?

Nanyi walimu wa mazingira, pokeeni nasaha. Mkija na fulana za mradi na maneno mazito, mkaondoka fedha zikiisha, watu watawaona wapita njia. Kaeni mkekani. Msikilizeni mvuvi, msikilizeni mama anayekata kuni, kisha semeni. Mtu hawezi kuacha mkaa kwa hotuba tu wakati watoto wake wana njaa.

Na sisi mashekhe tuache kiburi. Hatujui yote. Anayejua maisha ya mkoko kutuzidi, tukae tujifunze kwake, kisha tuwakumbushe watu kwa nini Allah atawauliza juu yake.

Nimemtafuta yule mwalimu, nimemwomba radhi. Ijumaa ijayo, in shaa Allah, atazungumza, na si dakika kumi, nusu saa nzima. Jumapili watoto wa madrasa watakwenda naye ufukweni.

Je, msikitini kwenu yupo mwalimu wa namna hii aliyewahi kuambiwa "hapa si mahali pake"? Mtafuteni kabla hajakata tamaa.

Allah atusamehe israfu zetu na awalipe kheri wanaotufundisha kutunza amana Yake. Aamiin.

Wallahu a'alam.