Nguruwe Wachanga Wanapoachishwa Ziwa

Yamkini wewe pia unaishi Nairobi, na kila mwisho wa mwezi hutuma pesa kidogo nyumbani Nkubu, Meru, au Runyenjes, Embu, za chakula cha nguruwe. Kisha simu inalia. Watoto wa nguruwe walioachishwa ziwa juzi wanahara, wawili wamekwisha kufa, na nyanya anaomba pesa za dawa.

Kabla hujatuma, muulize wanakula nini.

Mtoto wa nguruwe akitenganishwa na mamake hukaa siku moja au mbili bila kula vyema. Vijinyweleo vya ndani ya utumbo mwembamba, ambavyo hufyonza chakula, hufupika. Kisha njaa humzidi, akabugia. Chakula kisichosagika huteremka hadi utumbo mpana, na kikiwa na protini nyingi, kama omena au soya, huoza humo na kuwashibisha bakteria waharibifu. Kuhara huanzia hapo.

Pumba za ngano husaidia, ijapokuwa wengi huziona kama takataka za kinu. Nyuzinyuzi zake husukuma uchafu usikae tumboni, na sehemu yake huchachushwa na bakteria wema, wakatoa asidi zinazolisha kuta za utumbo. Kilo 4 au 5 katika kila kilo 100 za chakula zatosha. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka wa 2006, na ile zinki nyingi ya kuzuia kuhara mwaka wa 2022, ndipo wafugaji wa huko wakazidi kuziangalia nyuzinyuzi.

Lakini usimwambie nyanya awamwagie nyasi za Nepia! Nguruwe mkubwa atazimudu. Mtoto wa wiki tano atajaza tumbo bila kupata nguvu, akonde. Majani laini ya viazi vitamu, yaliyokatwakatwa, kiganja tu, ni afadhali. Pumba zenye ukungu zitupwe, kwa maana sumukuvu huua.

Aidha, waonjeshwe chakula kikavu wangali wakinyonya, kuanzia wiki ya pili hivi, na maji safi yasikosekane. Ukisikia kuna damu katika kinyesi, au wamelala hawainuki, hayo si ya pumba tena. Tuma nauli ya daktari wa mifugo siku iyo hiyo.