Delta Isiishie Kwenye Ramani

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nitoe shauri juu ya jambo moja la somo la Jiografia, nalo ni namna tunavyofundishwa habari za delta. Najua wako watakaoniona mjuvi. Lakini kurasa hizi tumepewa wanafunzi ili tuseme tunayoyafikiri, nami nimefikiri sana juu ya jambo hili muhula huu.

Kila mwaka delta tatu huchorwa ubaoni: ile ya upinde kama ya Nile, ile ya mguu wa ndege kama ya Mississippi, na ile iliyojaza mlango wa mto. Tunaandika majina, tunakariri, tunapita. Picha zote tatu zimechorwa kana kwamba mchoraji ni mwewe aliye angani. Hakuna hata moja inayoonyesha delta iliyokatwa ubavuni, kama mkate unavyokatwa, tupate kuona ndani mna nini. Nami nasema tumejifunza nusu, tena nusu ile isiyodumu.

Mimi ni mtoto wa Rufiji. Katika mafuriko ya miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya mto ule iliyaacha matawi ya kusini ikaelekea kaskazini, na mpunga ukafuata maji baridi. Ramani ya kabla ya hapo ni historia tu sasa. Lakini mchanga na tope vilivyotandazwa na yale matawi ya zamani bado vipo chini, na atakayechimba atavikuta.

Wanachama watano wa Chama cha Jiografia tulijaribu jambo hili kwa vitendo. Tuliomba hori bovu la ng'ombe katika shamba la shule, tukalijaza maji nusu, kisha upande mmoja tukawa tunamwaga maji polepole juu ya mchanga mnene uliochanganywa na udongo laini. Ilituchukua Jumamosi mbili. Maji yalipotulia tukayatoa, tukaacha pakauke kidogo, tukakata kwa panga. Basi tuliona matabaka ya namna tatu. Chini kabisa tope laini limelala sawasawa. Juu yake mchanga ulioinama kama paa la nyumba, tabaka juu ya tabaka. Na juu kabisa mchanga mnene uliolala tena.

Sababu yake si ngumu. Mto ukifika kwenye maji yaliyotulia hupoteza mwendo. Mchanga mzito huanguka hapo hapo ukingoni ukateremka mbele. Tope jepesi huelea likaenda kutua mbali. Delta ikizidi kusonga mbele, mchanga hupanda juu ya tope la jana, na mto wenyewe hupita juu ya mchanga. Kwa hiyo, mtu akisoma kutoka chini kwenda juu akakuta tope, kisha mchanga, kisha mabaki ya majani na mizizi, ajue hapo nchi kavu ilikuwa ikiingia majini. Akikuta tope la bahari tena juu ya mizizi, huenda mto ulihama, ardhi ikadidimia, na bahari ikarudi.

Mtu aliyeyaeleza haya vizuri ni Grove Karl Gilbert wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1890 juu ya Bonneville, ziwa kubwa la kale lililokauka likabakiza Great Salt Lake. Delta za ziwa lile zilibaki zikining'inia kwenye mabega ya milima, naye akaona ndani yake matabaka matatu kama yale ya hori letu. (Delta kubwa za baharini huinama kidogo mno hata jicho halitambui, hapo wasomaji hutegemea zaidi ukubwa wa punje.)

Na elimu hii si ya Wamarekani peke yao. Gesi ya Mnazi Bay huko Mtwara, iliyogunduliwa mwaka 1982, imo katika mchanga ulioletwa na Mto Ruvuma wa kale mamilioni ya miaka iliyopita. Mchanga una nafasi kati ya punje zake, gesi hukaa humo. Tope lililo juu huifunikia isitoroke. Tangu mwaka 2015 gesi ya huko husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Hata katika sayari ya Mirihi, chombo Perseverance kilichotua Februari 18, 2021, kilipiga picha za kilima kidogo kiitwacho Kodiak, na wataalamu wakayatambua matabaka yale yale matatu; wakasema hapo palikuwa na ziwa. Sisi tumeyaona horini.

Wenzangu wa Kidato cha Nne hunijibu kuwa mtihani hauulizi matabaka. Mtihani huuliza delta hutokeaje, nasi hujibu "mto hupunguza mwendo" kama kasuku, bila kujua mchanga huenda wapi na tope wapi. Nao wazazi huuliza mawe na mchanga vitampatia mtoto kazi gani. Nawaomba waulize pia, siku kisima kinapochimbwa au gesi inapotafutwa, nani anayeitwa kusoma yaliyotoka chini, na alisomea wapi.

Mimi naondoka Novemba, kwa hiyo sidai kitu kwa ajili yangu. Namwomba Mwalimu wa Jiografia awapeleke Kidato cha Tatu kwenye machimbo ya mchanga yaliyo mtoni, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Sisemi kuwa pale ni delta. Ni mashapo ya mto tu, lakini matabaka yake husomeka kwa kanuni ile ile, na malori yamekwisha kutukatia ukuta mrefu kuliko mtu, bila malipo. Waende kabla ya mvua, maana ukuta ule huporomoka. Hori lipo nyuma ya tangi la maji, na panga ni la bweni letu; wakimaliza walirudishe.